Barua ya wazi kwa TCRA na watoa huduma: Ukomo wa pakiti kwenye antena za wateja utangazwe

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na kwa watendaji wakuu wa kampuni zinazotoa intaneti ya antena majumbani na maofisini. Nakala kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, Mamlaka ya Serikali Mtandao, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano.

YAH: UKOMO WA UKUBWA WA PAKITI KATIKA VIFAA WANAVYOFUNGIWA WATEJA

Waheshimiwa, tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta mjini Dodoma. Shughuli zangu ni kufunga na kutengeneza mitandao ya ofisi ndogo, shule, zahanati na maduka ya steshenari, kuanzia Nkuhungu na Chang'ombe hadi Nzuguni, Iyumbu na Mtumba, na wakati mwingine Chamwino, Bahi na Kongwa. Naandika kuhusu hitilafu ambayo kila mteja huieleza kwa namna yake, lakini nikiifuatilia chanzo huwa kilekile: kifaa alichofungiwa na mtoa huduma hakipitishi pakiti za data, yaani mafungu madogo ambayo data hugawanywa ili isafiri mtandaoni, za ukubwa wa kawaida, na pakiti inayozidi ukomo wa kifaa hicho hutupwa bila aliyeituma kuambiwa lolote. Ninachoomba ni kwamba ukomo huo uandikwe mahali mteja anapoweza kuusoma kabla hajalipa, na kwamba taarifa ya kumjulisha mtumaji kuwa pakiti yake ni kubwa mno isizuiwe na mtu yeyote njiani.

Intaneti ninayoizungumzia ni ile ambayo mteja hufungiwa antena ukutani au juu ya paa, ikaelekezwa kwenye mnara wa mtoa huduma, kisha kebo moja ikashuka hadi kwenye ruta iliyo ndani. Iko pia ile ya ruta yenye laini ya 4G au 5G inayokaa dirishani, nayo inahusika, ingawa sababu zake ni tofauti kidogo na nitazieleza mahali pake.

Dalili za hitilafu hii humchanganya mtu asiyejua pa kutazama. Ujumbe wa WhatsApp unakwenda. Kipimo cha kasi kinaonesha megabiti zote alizolipia mteja. Tovuti nyingi zinafunguka vizuri, lakini mojawapo inaanza kufunguka kisha inabaki nyeupe. Barua pepe ya mistari miwili inaondoka papo hapo, ila ileile ikiambatanishwa na cheti inakwama. VPN ya ofisi, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, inaunganika, jina na nywila vinakubaliwa, halafu faili la kwanza ambalo mtumishi anataka kulifungua haliji. Mwenye steshenari anayewasaidia vijana kupakia vyeti kwenye mifumo ya maombi ya ajira au ya mikopo ya elimu ya juu huona mstari wa upakiaji ukisimama, anajaribu tena, unasimama palepale, na mwisho anawaambia vijana kwamba mtandao unasumbua. Kisha anawasha data kwenye simu yake, na cheti kinapanda bila shida. Ni rahisi hapo kuulaumu mfumo wa Serikali kwamba ni mzito, na nimewasikia wengi wakiulaumu, ilhali mfumo huo haujawahi kuzipokea pakiti zenyewe.

Naomba radhi kwa walio wataalamu, kwa kuwa sitaweza kuendelea bila kueleza kidogo jinsi mambo yanavyokwenda. Tangu Ethernet ilipowekewa viwango mwaka 1980, fremu moja, yaani bahasha inayobeba pakiti kwenye kebo, hubeba data zisizozidi baiti 1500, na kiasi hicho kimekuwa kama desturi ya intaneti nzima. Katika baiti hizo, 20 huchukuliwa na kichwa cha IPv4, yaani maelezo ya anwani ya pakiti, na 20 nyingine na kichwa cha TCP, itifaki inayohakikisha data zimefika, hivyo zinabaki 1460 kwa ajili ya maudhui. Kompyuta ya mteja na seva ya mbali zinapofungua mazungumzo, kila moja humwambia mwenzake kiasi inachoweza kupokea kwa mkupuo mmoja, na kila moja hukisia kiasi hicho kwa kuangalia kebo iliyochomekwa kwake. Zote mbili zinaona 1500. Hakuna kati yao inayojua kwamba katikati ya safari, juu ya paa la nyumba fulani ya Mkonze, ipo sehemu nyembamba kuliko hapo.

Wembamba huo unatokana na vitu ambavyo mtoa huduma huviongeza kwenye pakiti kwa ajili ya kuendesha mtandao wake. Anayetumia PPPoE ili kumtambua mteja kwa jina na nywila, utaratibu ulioelezwa katika waraka wa RFC 2516 wa mwaka 1999 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti), anatumia baiti 8, na zinazobaki ni 1492. Anayetenganisha wateja kwa VLAN, yaani mitandao tofauti inayopita kwenye kebo moja, anaongeza baiti 4 kwa kila lebo. Anayeibeba trafiki ya mnara mmoja hadi makao yake ndani ya GRE, njia ya kubeba pakiti ndani ya pakiti nyingine, anaongeza baiti 24. Kwenye mitandao ya simu, pakiti ya mteja hufungwa ndani ya pakiti nyingine kutoka mnarani hadi kwenye kitovu cha mtandao, na ufungaji huo peke yake hula baiti 36 juu ya IPv4. Ndiyo maana viwango vya 3GPP, ushirika unaoweka viwango vya mitandao ya simu, vinapendekeza kifaa cha mteja kitumie pakiti zisizozidi baiti 1358 pale ambapo njia za ndani za kampuni zimebaki kwenye 1500. Hapo ndipo penye jibu la kitendawili cha simu inayofanikiwa wakati antena imeshindwa: simu huambiwa na mtandao ukomo wake, ikatuma pakiti za kadiri hiyo tangu mwanzo. Kompyuta iliyo nyuma ya ruta, ambayo nayo iko nyuma ya antena, haiambiwi.

Nasisitiza kwamba kupunguza ukubwa wa pakiti si kosa kwa yenyewe. Mteja anayetumia pakiti za baiti 1400 badala ya 1500 hupoteza kasi ndogo mno, ambayo hata kipimo hakitaionesha vizuri. Madhara yanaanzia pale ambapo ukomo upo na hausemwi.

Wapo watakaojibu kwamba ndivyo mawimbi ya redio yalivyo, na kwamba asiye na faiba avumilie. Jibu hilo halina msingi. Viwango vya Wi-Fi vya 802.11, ambavyo antena nyingi za bei nafuu zimejengwa juu yake, vinaruhusu mzigo wa data wa baiti 2304 katika fremu moja ya hewani, kiasi kinachozidi kwa mbali mahitaji ya Ethernet. Kinachobana ni mlango wa kebo wa kifaa, au programu yake ya ndani, au mpangilio aliouchagua mtoa huduma. Fremu ya Ethernet ya zamani ilikuwa na ukubwa wa juu wa baiti 1518. Ilipokuja lebo ya VLAN mwaka 1998 ikawa 1522. Na mwaka 2006 marekebisho ya kiwango cha Ethernet yaitwayo 802.3as yaliipanua hadi 2000 kwa ajili ya vichwa vya ziada kama hivi ninavyovitaja. Mwaka huohuo wa 2006 ulitoka waraka wa RFC 4638, unaoonesha namna PPPoE inavyoweza kupitisha pakiti kamili ya baiti 1500, kwa sharti kwamba vifaa vya njiani vipitishe mzigo wa 1508. Ukijumlisha kichwa cha Ethernet cha baiti 14 na baiti 4 za ukaguzi mwishoni, fremu hiyo ni 1526, na ikiwa na lebo ya VLAN ni 1530. Antena ambayo mwisho wake ni 1522 haiwezi kuipitisha. Tofauti ni baiti chache, lakini pakiti iliyozidi kwa baiti moja hutupwa sawasawa na iliyozidi kwa mia. Kwa hiyo kifaa kinachoingizwa nchini leo kikiwa na ukomo wa 1522 kimebaki nyuma ya viwango vya mwaka 2006, na anayekinunua kwa wingi anapaswa kuulizwa kwa nini.

Wahandisi wa intaneti waliiona hatari hii mapema, wakaweka utaratibu wa kuikabili. Kwa mujibu wa waraka wa RFC 1191 wa Novemba 1990, kompyuta hutuma pakiti zake zikiwa na alama ya katazo la kukatwa vipande, na ruta yoyote ya njiani inayoona pakiti imeizidi huitupa, ila hulazimika kumrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP, itifaki ya kupeana taarifa za hitilafu, wa aina ya 3, msimbo wa 4, unaosema pakiti yako ni kubwa na ukomo wangu ni huu. Mtumaji hupunguza, hutuma upya, na mteja hajui kwamba jambo lolote limetokea. Ni kama mizani ya malori barabarani: lori likizidisha uzito, dereva huambiwa kiasi alichozidisha, akapunguza magunia na kuendelea na safari, na sijasikia mizani inayolificha lori pamoja na mzigo halafu tajiri akaachwa Kibaigwa akisubiri simu ya dereva. Lakini kwenye mitandao yetu huko kuficha ndiko kunakofanyika. Ujumbe ule wa kurudi unazuiwa, mtumaji anangoja uthibitisho usiokuja, anaituma upya pakiti ileile yenye ukubwa uleule, inatupwa tena, na hali inaendelea hivyo hadi muda unapokwisha. Waraka wa RFC 2923 wa mwaka 2000 uliieleza hitilafu hii kinaganaga, kwa hiyo hakuna mtoa huduma anayeweza kusema kwamba ni jambo jipya.

Kuna sura mbili za ukimya huu, na ni muhimu zitofautishwe kwa sababu tiba zake si moja. Sura ya kwanza ni ya kifaa kinachofanya kazi kama ruta: kinaweza kutoa ujumbe ule wa ICMP, lakini mtu amekizuia, au amezuia ICMP yote kwenye mpaka wa mtandao wake. Sura ya pili ni ya antena iliyowekwa kama daraja tu, inayopokea fremu upande mmoja na kuitoa upande wa pili pasipo kuisoma. Daraja halina anwani ya IP ya kuzungumza na mtumaji wala halina ujumbe wa kutoa. Fremu ikizidi, inaanguka hapo, na hata kaunta ya makosa wakati mwingine haiongezeki. Antena nyingi ninazozikuta kwenye mapaa ya Dodoma zimewekwa kwa namna hii ya pili, kwa sababu nzuri tu ya kurahisisha usimamizi, na hapo wajibu wote wa kujua ukomo unabaki kwa aliyeifunga. Ruta iliyo nyuma yake haiwezi kuubashiri.

Nieleze mfano mmoja. Ofisi ya mkandarasi mdogo maeneo ya Nzuguni ilishindwa kupakia nyaraka za zabuni kupitia intaneti ya antena ambayo ilikuwa ikilipiwa kila mwezi bila kuchelewa. Walipopiga simu huduma kwa wateja waliambiwa wazime ruta na kuiwasha. Wakaambiwa wapime kasi. Kasi ikawa nzuri. Wakashauriwa kupandisha kifurushi, wakapandisha, nyaraka zikakwama vilevile kwa bei kubwa zaidi. Fundi wa kampuni alipokuja alibadilisha kebo na kuielekeza antena upya, akaondoka akiwa na picha ya kipimo cha kasi kama ushahidi wa kazi. Nilipoitwa mimi nilituma ping, yaani pakiti ya majaribio inayosubiri jibu, ya baiti 1472 yenye katazo la kukatwa, ambayo ukiiongezea baiti 8 za ICMP na 20 za IP inafika 1500 kamili. Haikurudi, wala haukurudi ujumbe wa kusema ni kubwa. Nikajaribu 1464, ambayo ingepita kama kikwazo kingekuwa PPPoE peke yake, nayo ikapotea. Nikashuka hadi 1412, zikaanza kurudi zote bila kukosa, maana yake ukomo wa njia ile ulikuwa 1440. Niliiweka ruta ya ofisi kwenye 1440, nyaraka zikapanda. Sikuwa na nywila ya antena, na kampuni ilipoombwa kuthibitisha ukomo wake ilijibu kwamba taarifa hizo ni za ndani.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Siri ya kibiashara iko wapi katika namba ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuipata kwa kubahatisha mara kadhaa?

Inafaa pia ieleweke kwa nini kipimo cha kasi hakioni kitu, maana ndicho kinachotumika kufunga malalamiko. Seva ya kupimia mara nyingi imewekwa ndani ya mtandao wa mtoa huduma mwenyewe au karibu nao, na kipimo hutumia TCP, ambayo watoa huduma wengi wameifanyia ujanja unaosaidia: ruta yao inakisoma kile kiasi ambacho kompyuta hutangaziana mwanzoni mwa mazungumzo, inakifuta, na kuandika kidogo zaidi, kwa mfano 1452 badala ya 1460. Ujanja huo ni halali na mimi mwenyewe huutumia. Lakini unafanya kazi kwa TCP tu, na kwa TCP ambayo ruta inaweza kuisoma. Mahali palipowekwa namba isiyo sahihi, au ambapo kampuni iliongeza lebo au ufungaji mwingine baadaye bila kurudi kurekebisha namba ya mwanzo, ujanja unabaki ukipunguza baiti 8 wakati njia inadai 60.

Zaidi ya hapo, sehemu inayokua ya trafiki si TCP tena. QUIC, ambayo ndiyo msingi wa HTTP/3, toleo jipya la itifaki ya tovuti, na iliyopewa kiwango rasmi katika RFC 9000 ya mwaka 2021, husafiri juu ya UDP, itifaki nyepesi isiyosubiri uthibitisho, inakataza pakiti zake kukatwa vipande, na inadai njia ipitishe mzigo wa UDP usiopungua baiti 1200. VPN nyingi nazo husafiri kwa UDP na kuongeza vichwa vyake; WireGuard, kwa mfano, huongeza baiti 60 juu ya IPv4 na 80 juu ya IPv6. Mtumishi anayefanya kazi akiwa nyumbani eneo la Kisasa, VPN yake ikiwa imepangwa kwa kudhania njia ya 1500, atakuwa na muunganisho ulio hai kwa macho na uliokufa kwa kazi. Hilo halitibiki kwa kuhariri TCP ya nje, kwa kuwa TCP yake imefungwa ndani ya VPN na ruta ya mtoa huduma haiwezi kuisoma.

IPv6, toleo jipya linalochukua nafasi ya IPv4, ndiyo itakayotuumbua kabisa. Chini ya kanuni zake, zilizo katika RFC 8200 ya mwaka 2017 na kabla yake RFC 2460 ya mwaka 1998, ruta ya njiani hairuhusiwi kukata pakiti hata mtumaji akitaka. Njia kuu ya kumjulisha ni ujumbe wa ICMPv6 wa aina ya 2 unaomrudia mtumaji. Kila kiungo kinatakiwa kipitishe pakiti ya baiti 1280 bila kusita. Anayezuia ujumbe ule kwenye IPv6 hajaimarisha usalama, amekata mguu wa itifaki yenyewe. Tukifika huko tukiwa na tabia hizi za sasa, lawama zitaelekezwa kwa IPv6, na mafundi wataanza kuizima kwenye ruta za wateja kama ambavyo baadhi yao wanafanya tayari.

Hoja ya usalama naiheshimu kwa sababu ina historia. Katika miaka ya 1990 palikuwa na mashambulizi yaliyotumia ICMP kuangusha mashine, na wasimamizi wengi walijifunza kuifunga yote. Lakini mashine za leo haziangushwi na ping iliyopindukia ukubwa, na hakuna anayelazimika kuchagua kati ya kufungua yote na kufunga yote. RFC 4890 ya mwaka 2007 inaeleza bayana kwamba ujumbe wa ICMPv6 wa pakiti kubwa mno ni miongoni mwa zile ambazo ukuta wa ulinzi haupaswi kuziangusha. Kwa anayeogopa mafuriko, kuweka kikomo cha idadi ya jumbe kwa sekunde kunatosha.

Nimesema Dodoma kwa sababu hapa jambo hili lina uzito kuliko mahali ambapo faiba imekwisha kuingia kila mtaa. Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukatambuliwa kwa sheria kuwa makao makuu ya nchi, viwanja vilipimwa na nyumba zikajengwa kwa kasi ambayo hakuna nyaya zingeweza kuifuata. Mkongo wa Taifa unapita mjini, lakini kutoka kwenye mkongo hadi mlangoni kwa mtu ni habari nyingine. Antena imeziba pengo hilo, na nchi yetu kavu na tambarare, yenye vilima vya mawe vya kusimikia minara, inaifaa sana teknolojia hii. Wala sishauri mtu aikimbie. Wakati huohuo shughuli za umma zimehamia kwenye mifumo: zabuni ziko NeST, usajili wa kampuni uko BRELA kwa njia ya mtandao, malipo ya Serikali yanapita kwa namba za malipo za GePG. Mtu anayeshindwa kupakia faili kabla ya saa ya kufunga zabuni hana wa kumlalamikia, kwa kuwa kumbukumbu za kampuni zinaonesha alikuwa na intaneti.

Kwa TCRA, naomba jambo hili liingizwe pale ambapo tayari mna mamlaka. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imewapa kazi ya kuidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni. Fomu ya maombi ya uidhinishaji imtake mwagizaji wa antena au ruta ya mteja aeleze ukubwa wa fremu ambao kila mlango wa kifaa unapitisha, pamoja na hewani, na kifaa kipya kisichofika walau mzigo wa baiti 1508 pamoja na lebo ya VLAN kisiidhinishwe kwa matumizi ya PPPoE. Katika upimaji wa ubora wa huduma, ambao kwa sasa unatazama zaidi kasi, ucheleweshaji na upatikanaji, ongezeni kipimo cha ukomo wa pakiti kutoka kwa mteja hadi nje ya mtandao wa kampuni, sambamba na kipimo cha kuona kama ujumbe wa pakiti kubwa mno unarudi. Mkaguzi mwenye kompyuta mpakato anakimaliza muda mfupi baada ya kukaa. Ofisi yenu ya Kanda ya Kati iko hapahapa mjini, na mafundi wa mitaani tuko tayari kuonesha mahali pa kuanzia.

Kwa watoa huduma, pitisheni 1500 kamili pale mnapoweza, kwa kupandisha ukomo wa viungo vya ndani kati ya minara na kitovu, jambo ambalo kwa vifaa vingi vilivyokwishafungwa ni badiliko la mpangilio na halihitaji ununuzi. Mahali isipowezekana, andikeni ukomo kwenye mkataba na kwenye kibandiko cha kifaa, karibu na jina la mtandao na nywila. Itangazeni pia kwa mitambo: chaguo la 26 la DHCP, utaratibu wa kuvipa vifaa anwani na mipangilio, limeelezwa katika RFC 2132 ya mwaka 1997, na matangazo ya ruta ya IPv6 yana sehemu yake ya ukomo; si kila mfumo endeshi unalitii chaguo la DHCP, lakini ruta nyingi hulisoma, na mteja mwenye ruta yake atanufaika. Ondoeni zuio kwenye ujumbe wa ICMP aina ya 3 msimbo wa 4 na ICMPv6 aina ya 2 katika mtandao wenu wote, pamoja na kwenye vifaa vya wateja ambavyo nywila zake mnazishika ninyi. Wafundisheni pia wanaopokea simu kwamba maneno "tovuti baadhi hazifunguki lakini kasi ni nzuri" yana maana mahususi, na kwamba malalamiko hayo yanapaswa kupelekwa kwa mhandisi kabla ya kumwambia mteja apandishe kifurushi.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unapotoa ruzuku ya kupeleka huduma kwenye kata ambazo soko halifiki, mkataba wake utaje ukomo wa pakiti kama unavyotaja kasi na eneo, maana shule ya Bahi ikifungiwa antena yenye wembamba huu hakuna fundi jirani atakayekuja kuushtukia. Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo naiomba ihakikishe kwamba kuta za ulinzi zilizo mbele ya seva za umma zinapokea ujumbe wa pakiti kubwa mno. Mtoa huduma akitekeleza yote niliyoyaandika halafu ujumbe ukazuiwa upande wa seva, mwenye steshenari wa Chang'ombe bado atautazama mstari wa upakiaji ukiwa umesimama.

Ningependa majibu ya barua hii yatolewe hadharani, na kila kampuni ianze kwa kutaja namba moja tu: ukomo wa pakiti ambao mteja wake wa antena mjini Dodoma anaupata leo.

Naomba kuwasilisha.

Fundi wa mitandao ya kompyuta,
Nkuhungu, Dodoma.